Simu Inakaribia

Ile simu ilikuwa imeshaondoka kituo cha basi. Mtaalamu wa programu aliiona kwenye kioo cha kompyuta yake. Mstari wa kijani chini ya kioo ulionyesha kunakili kumefika asilimia sitini na moja.

Siku nyingine angejisifu. Ukitaka kumfurahisha, mwulize habari za mashine pepe. Atakueleza mpaka chai yako ipoe jinsi kompyuta nzima, na mafaili yake na siri zake, inavyonakiliwa ikaishi ndani ya kompyuta nyingine. Itifaki mpya za mtandao, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, ndizo zilizokuwa ugonjwa wake kabisa.

"Zile za zamani," angekwambia, "simu ikibadili mtandao, mawasiliano yanakatika. Hizi mpya haziachii ng'o!"

Na kweli hazikuachia. Simu ikatoka kwenye mtandao wa kituo, ikaingia kwenye wa duka la dawa, kona ya mtaa. Haikupotea hata sekunde moja.

Dada yake akapiga.

"Uko wapi?"

"Ndani," alinong'ona.

"Mungu wangu! Toka humo sasa hivi, kaka!"

"Dakika chache tu, imalize kunakili."

"Achana na hiyo mashine! Safari ile uliponea chupuchupu. Akikukuta tena, mama atakufa kwa presha."

"Namwona anavyokuja. Niko chonjo."

Akakata. Alikuwa amevua viatu, feni hakuthubutu kuwasha, na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Asilimia tisini. Akaiomba simu ikae pale dukani, ikae kidogo tu.

Simu ikahama. Ikajiunga na mtandao wa nyumba ile ile aliyokuwamo.

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Alichomoa kwa pupa waya uliounganisha kompyuta yake na ile aliyokuwa akiinakili, kiwiko kikagonga kikombe, kikaanguka na kupasuka. Hatua zikasita. Nyumba haikuwa na mlango wa nyuma. Akajibanza ukutani, pumzi ameibana, huku akisikiliza ufunguo ukizunguka kwenye kitasa.

Mlango ukafunguka. Mtalaka wake alipomwona, kapu la mboga lilimponyoka, akamvuta binti yao nyuma ya gauni lake.

"Ufunguo wa nyumba yangu," akauliza, "safari hii umeupata wapi?"