Mngurumo wa Mama Ndanu

Siku hizi kila mtu ana kichujio sikioni. Ukisikia sauti usiyoitaka unasema "kelele," na hutaisikia tena maishani. Mume wangu Kyalo alianza kwa kuuita kelele muziki wangu wa roki nzito, mimi ninayelala na gitaa zile masikioni tangu sekondari. Sikununa. Nikafungulia spika hadi vikombe vikatetemeka kabatini, nikanguruma pamoja na waimbaji, huku yeye akinisikia mimi tu.

"Mama Ndanu, hata huo mngurumo wako nimeuita kelele," aliniambia akicheka. "Sasa jiachie."

Jana mafuta ya mandazi yalinimwagikia mkononi. Yowe lilinitoka tumboni, kwa mngurumo uleule wa roki. Kyalo alikuwa palepale jikoni, amenipa mgongo, anamenya vitunguu. Aliendelea kupiga mluzi.