Mahindi ya Nyamizi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini katika kitongoji kile cha mbele ya Samuye, mwaka huu, ukiona vyaelea vimerogwa.

Mahindi ya kila mtu yalikuwa yamekonda na kugeuka rangi kama yameugua manjano. Ya Nyamizi, mjane mwenye macho yaliyoiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, yalisimama kijani hadi yanakaribia weusi. Basi mchana kweupe mwano ukapigwa, yowe la hatari, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na mapanga yao. Wakamkalisha ajuza chini, katikati ya uwanja.

Mkamwana wake, aliyeitwa Sikujua, alisukumwa pembeni. Mumewe alikuwa machimboni Masumbwe. Hapakuwa na mtu wa kumsemea mama mkwe.

"Kila alfajiri yumo shambani, anainamia shina moja moja," alisema Valerian, mtunza ghala la kijiji, aliyepaza sauti kuliko wote. "Mvua ileile, udongo uleule. Yetu yanakufa, yake yananenepa. Rutuba yetu ameihamishia kwake."

"Mchawi," watu wakaitikia.

Ngassa, kamanda wa sungusungu, aliinama. "Mayu, mama yetu, sema neno lako la mwisho."

Lile "mwisho" lilimfikia Sikujua kule pembeni. Bibi wa jirani alipoambiwa hivyo mwaka juzi, alizikwa kesho yake.

Nyamizi alijifuta pua kwa upindo wa kanga. "Mmesahau mbolea ya ruzuku? Ile ya kaya zote, iliyotoweka ghalani kabla haijagawiwa? Niliiba mimi. Ndiyo mnayoiona kwenye mahindi."

Uwanja ukashusha pumzi. Huko mwizi hulipa ng'ombe. Mchawi hulipa kichwa.

"Mifuko yote ile? Kwa mgongo huo?" mtu mmoja aliuliza.

"Kwa ndoo, kidogo kidogo. Mchwa naye hana mgongo, lakini nyumba anaimaliza."

Wengine wakacheka. Ngassa hakucheka. Alimgeukia Valerian. "Wewe ndiye mwenye funguo. Yawezekana?"

Valerian aliyatazama mapanga, kisha akamtazama ajuza. "Yawezekana," akasema.

Hukumu ikatoka palepale: ng'ombe. Nyamizi alikuwa naye mmoja tu, na huyo akafunguliwa akaswagwa watoto wakiangalia.

"Sasa waombe watu radhi, yaishe," Ngassa alisema.

"Ng'ombe mmemchukua. Radhi siombi."

Walirudi nyumbani wakifuatwa na miluzi na kelele za "mwizi, mwizi". Mlangoni, uchungu ukamshinda Sikujua.

"Mayu, ile ilikuwa mbolea ya maskini wenzako. Mwaka huu watalala njaa. Neno moja tu la radhi lingekugharimu nini?"

Nyamizi alikaa kizingitini, akanyoosha miguu.

"Mahindi yale yamelishwa mkojo wangu, mwanangu, kopo kwa kila shina. Ningewaambia hivyo, wangeuita uchawi, na saa hizi mngekuwa mnanichimbia kaburi. Mbolea yao aliiuza Valerian, ndiyo maana hakuthubutu kunikanusha. Siombi radhi."