Yai na Jiwe

Sindano iliingia, na msichana hakulia.

"Wewe ndiye Yai?" mtaalamu wa maabara alimuuliza.

Msichana akamtazama mama yake.

"Ndiye," mama akajibu upesi.

"Mbona hata chozi huna? Yai gani la chuma hili!"

Msichana akacheka, mkono mmoja shavuni.

Jina lilitoka nyumbani. Yai akiguswa kidogo tu anavilia damu, na pua ikianza kumtoka, shuka zima linalowa. Daktari ndiye aliyetaka damu yake ipimwe huku, ijulikane kasoro iko wapi. Tangu siku hiyo mama alikuwa haambiliki, anawaza tundu la sindano tu. Mwenye mtoto mgonjwa atamwelewa.

Pamba ya kwanza ililowa. Ya pili nayo ikalowa. Mama aliona, akajisemea ni joto.

"Eti, watoto wa tumbo moja si damu moja?" aliuliza wakiwa mlangoni.

"Mara nyingine. Kwani una mwingine?"

"Yupo Jiwe. Wamepishana mwaka tu."

"Basi naye mlete tumwangalie."

"Jiwe? Huyo hata mafua yanamwogopa!"

Juma lililofuata mama alirudi peke yake kuchukua majibu.

"Baba yao kampeleka Jiwe kung'oa jino," alisema akivuta kiti. "Limemtesa, maskini."

Safari hii mtaalamu hakutania. Alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama, kwenye damu kuna chembe ndogo ndogo zinazoziba kidonda. Zinashikana kwa vimikono. Sasa sisi tumetengeneza protini yetu, ichukulie kama kulabu inayong'aa. Ikikuta kimkono inakidaka, nasi tunaona mwanga. Tazama, hii ni damu yangu."

Kioo kikajaa nukta za kijani.

"Na hii ya mwanao."

Giza. Mama akasogeza uso karibu, akatafuta hata nukta moja. Hakuna.

"Kulabu zimekosa pa kushika," mtaalamu alisema taratibu. "Tumerudia, ni vile vile."

"Ndiyo kusema nini, baba?"

"Ndiyo kusema asikatwe popote bila sisi kujua. Hata jino asing'olewe. Damu ikianza kutoka, haitakata."

Mama alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Tulia, mama, tutamtunza. Yai si yuko nyumbani?"

Simu ikaanza kuita mkobani. Mama akaitoa, akaona ni baba yao, akabaki ameishika, inaita.

"Yai yuko nyumbani," alisema. "Hajawahi kukanyaga hapa. Nilimwonea huruma na sindano, nikakuletea Jiwe."