Kidole cha Fosia

Kifaa kilitoa mlio mfupi, taa nyekundu ikawaka, na neno moja likajitokeza kwenye kioo: MKIMBIZI.

Fosia aliondoa kidole, akakifuta kwenye ukingo wa shela yake, akakibonyeza tena.

MKIMBIZI.

Nyuma yake Abdijabar, mwenzake wa programu, aliangua kicheko. "Karibu kambini, abaayo, dada yangu. Hema letu lina nafasi, ila uje na godoro lako."

Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa Fosia na Duale, mwenye kampuni. Wageni wa serikali kutoka Nairobi walikuwa njiani kuja kukiona kifaa alasiri ile. Kikisoma sawasawa, kingesambazwa hadi miji ya Hadado na El Wak, na Fosia angekuwa mhandisi mkuu. Kikikosea mara moja mbele yao, basi.

"Ni hitilafu," Fosia alisema. "Na najua ni ya nani."

Kifaa kilikuwa kidogo kama redio ya mfukoni, na kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Ndiyo maana waliiandika programu yake kwa lugha inayozungumza na mashine ana kwa ana, tena wakauacha nje ule mfumo ambao kwa kawaida hufuatana na lugha hiyo kama yaya, ukifagia kumbukumbu na kuidaka programu inapoanguka. Humu hamkuwa na yaya. Fosia aliandika kiolesura, yaani ahadi ambayo kila aina ya mtu lazima iitimize: atajwe, kisha aamuliwe. Chini yake akaweka klasi mbili tu za watu, Raia na Mkimbizi.

Abdijabar alitaka ya tatu, ya mtu mwenye utata, ili apelekwe kwa wazee wakamhoji. Kiolesura kingeipokea bila taabu.

"Nafasi hakuna," Fosia alimjibu siku hiyo. "Mtu ni huyu au ni yule. Wenye utata ni waongo waliochelewa kukamatwa."

Akampa kazi ya kufuta. Pasipo yaya, mtu akishasomwa umbo lake hubaki palepale kwenye kumbukumbu. Usipolifuta, anayefuata huketi juu yake, na mashine humwita kwa aina ya aliyetangulia. Asubuhi hiyo aliyetangulia alikuwa Abdijabar mwenyewe, mkimbizi wa Dadaab mwenye kibali cha kufanya kazi Garissa.

"Umeacha uchafu wako humo," Fosia alimwambia.

"Mimi? Wallahi nimefuta. Kizime, ukiwashe, uanze wewe."

Fosia akakizima, akakiwasha. Kumbukumbu ilikuwa tupu kama siku ya kwanza. Akaweka kidole.

MKIMBIZI.

Duale akaweka chake: RAIA. Naimo wa mapokezi akaweka chake: RAIA. Kicheko kikakatika.

"Sasa nimeelewa," Fosia alisema polepole. "Hii si hitilafu. Alama za vidole za wakimbizi waliosajiliwa kambini ulizipakia wewe. Umenichomeka humo."

"Nimezipakia kama zilivyoletwa, abaayo. Zimefungwa, hata kuzifungua siwezi." Sauti ya mzaha ilikuwa imemtoka. "Programu umeiandika wewe. Kama kuna mstari unaoongopa, nionyeshe."

"Babu yangu amezikwa Garissa. Wewe umezikiwa nani hapa?"

Duale aliwatazama wote wawili. "Fosia, una uhakika?"

Fosia hakuwa amekagua hata mstari mmoja wa programu. "Nina uhakika."

Duale akapiga simu. Kibali cha Abdijabar kilitegemea kazi, na kazi ilipokwisha nacho kilikwisha. Askari waliomjia hawakumruhusu hata achukue koti lake.

"Abaayo, waambie waningoje nimalize mwezi," alisema mlangoni. "Wadogo zangu wanakula kwa mkono huu."

"Wapange foleni ya mgao kama wenzao," Fosia alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Alasiri wageni walifika, wakaweka vidole, wakawaleta na madereva wao. Fosia alieleza kila kitu bila kukigusa kifaa. Hakikukosea. Mkuu wao akampa mkono.

"Jumatatu tunaanza," alisema. "Tutaanza na wafanyakazi wenu, watu waone hatupendelei. Atakayesomwa mkimbizi, kitambulisho chake kinafutwa hapohapo na anapelekwa kambini. Nimependa kwamba hakina huruma."

Fosia alitabasamu. Siku zilizobaki hadi Jumatatu zilimtosha kuufukua mtego wa Abdijabar.

Alifika nyumbani na kumkuta mama yake, Arbia, akimimina uji wa mkate wa anjera kwenye kikaango. Akavua viatu, akaketi, akamsimulia mambo yote kwa raha: mtego, kicheko, askari, koti lililobaki kitini. Aliigiza hata sauti ya Abdijabar akiomba.

Arbia hakucheka. Anjera ilianza kuungua, naye akaiacha iungue.

"Huyo kijana wamempeleka wapi?"

"Kwao, kambini. Na asirudi tena."

"Na hiyo mashine, hao wa Nairobi wameshaichukua?"

"Wameichukua, hooyo. Nimefaulu."

Arbia alizima moto, akaketi chini karibu na binti yake na kuushika mkono wake wa kulia.

"Mwaka ule ng'ombe walipotuishia wote, nilikupeleka Dadaab ukiwa mdogo," alisema. "Niliwaambia tumekimbia vita Kismayu. Wakatuchukua alama za vidole, wakatupa unga, na wewe ulikuwa na njaa hata ukawa unaulamba ule wino kidoleni."