Mhesabu Vifaranga

Mwinshehe aliyavaa mabuti ya Kasimiri bila kuomba ruhusa, akajibandika na ile miwani yake iliyofungwa kwa mpira, kisha akainama mbele ya watu wote kana kwamba anachungulia majini.

"Pita baba. Pita mama," akanong'ona kwa sauti ya puani, ya Kasimiri mtupu. "Na wewe mbona umechelewa? Ulilala wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Wengi walikuwa wametoka kanisani, na wavuvi Waislamu waliosubiri nje walikuwa wamekwisha kujiunga nao. Juliana, mke wa Kasimiri, alicheka huku akijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Kasimiri hakujibu kitu.

"Mtazameni Mnyamwezi huyu," Mwinshehe akaendelea. "Babu zake walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, lakini wale angalau walichapwa bakora. Huyu kajibebesha watoto wa samaki mkunga kwa hiari yake. Bwana Samaki mzima, kila alfajiri yuko kwenye banio anahesabu vidudu vyembamba kama tambi. Wizara imempunguza kazi, yumo. Mvua inanyesha, yumo. Mke analala peke yake, yumo. Pumbavu kabisa."

Basi pumbavu huyo ndiye aliyewafanya watu wa mtoni wapate kitoweo, mpaka huko juu kwenye mabonde ya Kinole. Serikali ilipouza shamba lake la mpunga, mwekezaji alijenga banio kuukata mto. Kibali kikamlazimisha aache mlango mdogo wa samaki, nao usizibwe maadamu yupo mtu wa kuhesabu vifaranga vinavyopanda kutoka baharini. Mtu huyo alikuwa Kasimiri, hakuna mwingine aliyejisumbua. Na mwekezaji alikuwa akiuombea mlango ule uzibwe, kwa kuwa kila tone lililopita hapo aliliona limeibwa shambani kwake.

Afisa wa mwekezaji huyo, Erick, kijana wa mjini mwenye viatu vya kung'aa, alikuwa ameleta gunia la mchele, akamkabidhi Juliana kama mtu anayelipa faini. Sasa alimsogelea Mwinshehe.

"Shikamoo mzee. Si ungemheshimu mwenzio kidogo?"

"Waache," mama mmoja akamwambia. "Mluguru na Mnyamwezi hao. Watani."

Erick akatabasamu. Alikuwa ameona upenyo. "Hata hivyo mzee wangu umesema kweli. Ile kazi ni upuuzi mtupu, na sasa haina mtu. Kesho tunauziba mlango."

Kicheko kikakatika. Wavuvi wakatazama chini, mmoja akajikuna shingo, mwingine akakumbuka ghafla kufunga vifungo vya shati. Hao ndio mashujaa wa barazani, wanaoipindua serikali kila jioni kwa kahawa.

Mwinshehe akamtazama Erick kuanzia viatuni mpaka utosini, asione cha kumpendeza.

"Nani kakwambia haina mtu? Kesho alfajiri nipo pale mlangoni, na keshokutwa, na siku zote. Njoo na saruji yako tuonane."

Erick akarudi kwenye gari lake.

Mwinshehe akamgeukia Kasimiri. "Na wewe usijidai. Sifanyi kwa ajili yako, mbeba mizigo wewe. Umetuchosha." Akaivua ile miwani. "Umetutia uchungu kweli, bwana. Nami nikikosea hesabu, njoo unikosoe."

Kisha akashika kamba ya upande wa kichwa, wenzake wakashika zilizobaki, wakamshusha taratibu kaburini.