Sikio, Pua, Shingo

Alphonsine aligusa shingo. Emérance, aliyekuwa akimtazama kwa wizi, alidhani ameona vibaya, akasubiri. Alphonsine akajikuna tena palepale.

Shingo ni c. Swali la kwanza liliuliza chumvi ya jikoni ni muungano wa vitu gani, na kwenye karatasi ya Emérance jibu la c lilikuwa chokaa na maji. Hata yeye, ambaye kemia ilimpiga chenga mwaka mzima, alijua huo ni uongo. Akatia alama kwenye a.

Mtihani wa namna hii ulikuwa mgeni mjini Albertville, Kongo. Wasichana walizoea kuandika kurasa nzima, na ukisahau unazungukazunguka mpaka mwalimu achoke. Lakini mwaka huo wa 1963 Monsieur Théophile, mwalimu mpya aliyetoka Haiti, alileta maswali yenye majibu manne, uchague moja. Darasa lilifurahi. Herufi nne, alama nne: sikio, pua, shingo, nywele. Nani atashindwa?

Mpango ulikuwa wa Alphonsine mwenyewe. Baba yake, Papa Hubert wa reli, ndiye aliyemlea Emérance tangu aletwe kutoka Ankoro akiwa mdogo; wasichana hao walilala kitanda kimoja na kula sahani moja. Sasa Emérance alikuwa anarudishwa Ankoro kuolewa, asipofaulu mtihani huu na kuingia shule ya wauguzi Élisabethville.

Ila asubuhi hiyo Monsieur alitangaza kwamba nafasi ya shule hiyo imebaki moja tu. Alphonsine alimshika Emérance mkono.

"Tufanye tu vile tulipatana, dada. Ya miye tutaona kisha."

Monsieur aliwatenganisha, Emérance upande wa dirisha, Alphonsine upande wa mlango. Aligawa karatasi dirishani, akarudi mezani kuchukua za mlangoni.

Swali la pili: pua. Eti maji matupu ndiyo yanayogeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu! Swali la tatu: sikio. Eti chuma kinaota kutu kwa sababu ya sukari!

Kumbe nafasi moja inatosha kumgeuza ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako, tena kule ng'ambo kilikuwa kinamtabasamia. Emérance aliumia kuliko alivyowahi kuumia, na nyuma ya uchungu ikaja hasira. Akanyanyua mkono.

"Monsieur, Alphonsine anafanya alama. Anaonyesha majibu."

"Anamwonyesha nani?"

"Sijui, Monsieur. Mumuangalie mukono."

Alphonsine hakukana. Alimtazama mwenzake kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

"Njo weye umenisemea, Emé?" aliuliza polepole.

Monsieur aliichana karatasi ya Alphonsine na kumtoa nje. Hata alipobanwa pale mlangoni, Alphonsine hakusema alama zile zilikuwa za nani.

Emérance alimaliza peke yake, swali kwa swali, akijiambia kwamba mwenye kosa amepata haki yake. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wa blauzi. Karatasi zilipokusanywa, Monsieur Théophile alisimama mbele ya darasa na kuanza kuwasomea masahihisho.

"Swali la kwanza, chumvi ya jikoni," alisema. "Upande wa dirisha, jibu ni a. Upande wa mlango, c."