Sikukuu Bila Utepe

Kifurushi kilikuwa juu ya kitanda, upande anaolala yeye, na kwa kutazama utepe tu mfungaji wa zawadi akajua kimefungwa na nani. Katika duka lao la zawadi kuna mtu mmoja tu anayemalizia utepe kwa vitanzi vitatu badala ya viwili, naye ni mwenzake wa kaunta. Akaketi kwenye kiti kilichorundikwa nguo, mbali na kitanda.

Nyumba hii ilikubaliana kwamba mwaka huu hakuna zawadi. Wazo lilikuwa lake. Wiki sita nyuma, wakiwa mezani, alisema anataka sikukuu nyepesi: wapike pamoja, wacheze karata, kila mtu atoe hadithi moja, basi. Binti yao wa miaka saba akayaandika makubaliano kwa kalamu ya kijani, SIKUKUU BILA ZAWADI, wakatia sahihi wote watatu. Baba, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, alitia yake mwisho, kisha akambusu mkewe kwenye paji la uso.

"Naahidi," alisema.

Karatasi ikabandikwa kwenye friji, na ahadi ikashikwa. Wiki sita bila hata pipi. Mfungaji alianza tena kuimba akifua.

Kazini walimcheka. Kinyozi hajinyoi, walisema. Anayefunga zawadi za watu kutwa nzima atazitamani saa ngapi? Aliyekasirika hasa ni mdogo wake.

"Dada, unakufuru," alimwambia, amesimama mbele ya kabati la vioo sebuleni mwao. "Wenzako tunaomba hata kitambaa cha kichwa hatupati. Hebu tazama! Saa, ulipoteguka mkono. Mkufu, ulipoanguka bafuni. Na jiko lile la umeme, ulipotoka hospitali. Shemeji anakubeba kama yai, na wewe hata unapokanyaga hutazami."

Kweli, alijulikana kwa kujikwaa. Ajabu yake, mikononi hakuwa na mpinzani: miaka tisa na mkasi, hajawahi kujikata hata kidole.

"Nimechoka na vitu tu, mdogo wangu," alijibu. "Nataka sikukuu moja ipite salama."

Sasa ilikuwa imebaki siku moja.

Akachukua simu. Akabonyeza kwanza jina la mtu mwingine, akakata, akampigia mwenzake wa kaunta.

"Umeshakiona!" mwenzake akaangua kicheko. "Yaani shemeji kaniapisha nisikwambie, nimeumwa na tumbo tangu mchana kwa kuzuia maneno."

"Alikuja saa ngapi?"

"Ulipokwenda kula. Kaja mikono mitupu, anasema anapita tu kukusalimia. Nikamtania. Nikamwambia, pole, umechelewa, mkeo katoka na yule dereva mpya, vicheko vyao tumevisikia mpaka stoo."

Mfungaji akafumba macho. "Tulikuwa watu sita," alisema polepole. "Tulikula watu sita."

"Si najua! Utani tu, jamani."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasimama kidogo pale kaunta, halafu akaenda rafuni, akarudi na boksi kubwa kuliko yote tuliyonayo. Nikamuuliza, si mlipatana hakuna zawadi? Akasema, hii ataihitaji. Wenzetu mmepata waume! Haloo?"

Alikata simu. Aliogopa, na kilichomwogopesha zaidi ni ule utulivu wa chumba: pazia limekaa sawa, viatu vya mumewe vimepangwa ukutani, na katikati ya yote karatasi inang'aa. Alikwenda dirishani akatazama chini. Gari la kampuni ya lifti halikuwepo bado. Akarudi kitandani, akakibeba kifurushi kwa mikono miwili, akapiga magoti, akakisukuma chini ya kitanda. Labda kisipoonekana kitakuwa hakipo. Alijua ni akili ya mtoto, lakini alisukuma.

Hakikuingia. Kilikuwa kikubwa mno. Alijaribu upande mwingine, kona ikachanika, na kitanzi kimoja cha utepe kikafumuka.

"Mama! Nimemaliza maua!"

Binti alikuwa amerudi kutoka kwa jirani wa ghorofa ya chini, shingoni kajivika mnyororo wa maua ya karatasi waliyopanga kuyatundika sebuleni. Alifika mlangoni mwa chumba akicheka. Akakiona kifurushi, na mama yake amepiga magoti kando yake.

Kicheko kikakatika. Hakuuliza ndani mna nini, wala hakuuliza ni cha nani. Aliyavua maua yake akayaweka chini taratibu, akageuka akaenda jikoni. Mfungaji alisikia friji ikifunguliwa, kiti kikiburutwa, trei ya barafu ikigongwa kwenye sinki. Chini barabarani, gari lilizimwa injini.

Mtoto alirudi na vipande vya barafu ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo, amekikunja vizuri na kukishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo. Akampandisha mama yake mikono ya blauzi, wa kushoto, kisha wa kulia. Akamtazama shingo. Akamgeuza uso kuuelekeza dirishani.

"Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia, mwanangu. Niangalie. Sijaumia popote."

Mtoto akakitazama kifurushi, akamtazama tena mama yake, na kwa mara ya kwanza akaonekana haelewi.

"Lakini zawadi imeshakuja," alisema.

Mlango wa mbele ulifunguliwa, ukafungwa, na ufunguo ukazungushwa kwa ndani.